Kupanga traki za sauti za video ya harusi ndani ya DaVinci Resolve

Video ya harusi ikirudishwa na mteja, mara nyingi tatizo si picha. Hotuba ya baba wa bibi harusi inasikika sikio la kushoto tu, muziki umefunika viapo, vigelegele vinapasua spika ya simu. Karibu makosa yote haya yana mzizi mmoja: sauti za aina tofauti zimerundikwa kwenye traki moja (mstari mmoja wa sauti ndani ya programu ya kuhariri), halafu mhariri anahangaika kurekebisha klipu mojamoja hadi usiku wa manane. Zigawe traki kabla hujakata klipu ya kwanza, kila aina ya sauti na traki yake, na marekebisho mengi utayafanya mara moja kwa video nzima.

Hapa tunatumia DaVinci Resolve kwa sababu toleo lake la bure lina ukurasa mzima wa sauti, Fairlight, uliounganishwa mwaka 2017 baada ya Blackmagic Design kuinunua kampuni yenye jina hilo mwaka 2016. Anayetumia programu nyingine atafuata mantiki ileile. Majina ya menyu tumeyaacha yalivyo kwenye skrini ili uyatafute bila kubahatisha.

Mradi kwanza

Fungua mradi mpya, bonyeza alama ya gia iliyo chini kulia, ingia Master Settings. Kama kamera zilirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka 25 kwenye Timeline frame rate kabla ya kuingiza faili lolote. Ukishajaza mradi na kuunda taimlaini (eneo la kupanga klipu kwa mfuatano), namba hiyo haibadiliki tena, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshafika kwenye kukata keki.

Kwa sauti, kiwango cha video ni 48 kHz, yaani sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde. Nyimbo nyingi ziko kwenye 44.1 kHz na Resolve huzigeuza yenyewe, hivyo usipoteze muda kuzigeuza mwenyewe. Chombo cha kurekodia, hata hivyo, kiwekwe 48 kHz na bit 24 tangu asubuhi ya shughuli.

Klipu za simu zinahitaji tahadhari. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizo na kasi thabiti: mwanzoni mdomo na maneno vinakwenda pamoja, baada ya dakika kumi vimeachana. Ukijaribu kusogeza sauti utapatanisha mwanzo na kuharibu mwisho. Dawa ni kuigeuza klipu kabla ya kuiingiza. Programu ya bure ya HandBrake inatosha: kwenye kichupo cha Video chagua Constant Framerate na idadi ya fremu ambayo simu ilipangiwa, kwa mfano 30, kisha tumia faili jipya badala ya lile la mwanzo.

Sauti ya sikio moja

Kosa hili ndilo linaloonekana mara nyingi kuliko mengine yote, na kulizuia ni kazi ya sekunde thelathini. Maiki ya kifuani inatoa sauti moja tu, yaani mono. Ukiichomeka kwenye kamera, kamera inaandika faili la stereo lenye njia mbili: ya kushoto ina sauti ya bwana harusi, ya kulia ni tupu au ina maiki ya juu ya kamera. Ukiliweka faili hilo kwenye traki ya stereo, mtazamaji mwenye hedifoni anamsikia bwana harusi kwa sikio la kushoto, na kwa sikio la kulia anasikia feni ya kanisa.

Ukiwa bado kwenye Media Pool (ghala la mafaili uliyoingiza), chagua klipu zote za kamera hiyo, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Clip Attributes, kisha kichupo cha Audio. Badili Format kutoka Stereo iwe Mono, na kwenye Source Channel chagua Embedded Channel 1. Kama njia ya pili ina maiki ya kamera na unaihitaji, bonyeza Add, weka Mono nyingine, uipe Embedded Channel 2. Sasa klipu itashuka kwenye taimlaini na sauti mbili zinazojitegemea, kila moja kwenye traki yake, na mono husikika katikati.

Fanya hivi kabla klipu haijagusa taimlaini. Mabadiliko ya Media Pool hayazifikii klipu zilizokwisha kuwekwa kwenye taimlaini. Hizo utalazimika kuzifungulia Clip Attributes zikiwa hukohuko.

Kuoanisha sauti ya ukumbini na picha

Chagua klipu za kamera pamoja na faili la chombo cha kurekodia, bonyeza kulia, nenda Auto Sync Audio, chagua njia ya kulinganisha mawimbi. Iko pia chaguo la kuongeza traki badala ya kufuta sauti ya kamera. Chagua hilo. Sauti ya kamera ni mbaya, lakini ndiyo yenye shangwe za watu, na ndiyo itakayokuokoa waya wa miksa (mashine inayokusanya maiki za ukumbini) ukikatika katikati ya hotuba.

Njia hii inashindwa kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni kamera kuwa mbali mno na spika, kiasi kwamba mawimbi ya faili mbili hayafanani. Ya pili ni kamera kugawa rekodi ndefu kuwa mafaili mengi, halafu mhariri anaoanisha la kwanza na kudhani mengine yatafuata. Hakikisha kila faili limepata mwenzake.

Hata ikifanikiwa, angalia mambo mawili. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kamera iliyo nyuma ya kanisa, mita 20 kutoka kwa mchungaji, inamsikia akiwa amechelewa milisekunde 58 hivi, na fremu moja kwenye video ya 25 ni milisekunde 40. Resolve inalinganisha sauti na sauti, kwa hiyo maiki ya kifuani inavutwa ilingane na ule ucheleweshaji, na midomo inatangulia maneno kwa fremu moja na nusu. Kwenye picha ya karibu jambo hilo linaonekana. Sogeza sauti ya kifuani fremu moja mapema kuliko ilipowekwa, yaani kuelekea kushoto, kwa kitufe cha alama ya mkato kwenye kibodi. Kwenye ukurasa wa Fairlight, ukikuza taimlaini, unaweza kusogeza kwa kipimo kidogo kuliko fremu.

Jambo la pili ni saa za vifaa. Kamera na chombo cha kurekodia kila kimoja kina saa yake, na hazilingani kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu kwa milioni inazaa milisekunde 180 baada ya saa nzima, fremu nne na nusu. Usijaribu kurekebisha faili lote kwa mkupuo. Kata sauti kwenye kimya kilicho kati ya hotuba na hotuba, kisha sogeza kila kipande fremu inazohitaji. Hakuna atakayesikia kiungo kilichowekwa kwenye kimya.

Traki zenyewe

Unda taimlaini kwa Ctrl na N. Dirisha linalofunguka linakuuliza idadi ya traki za sauti na aina yake. Anza na traki tatu za mono, halafu ongeza za stereo kwa kubonyeza kulia kwenye kichwa cha traki na kuchagua Add Track. Kwa harusi ya Dar es Salaam yenye ibada, msafara na ukumbi, mpangilio huu unatosha:

A1, mono: maiki ya kifuani.
A2, mono: waya wa miksa, yaani mshereheshaji na hotuba.
A3, mono: maiki ya kamera.
A4, stereo: vigelegele na shangwe.
A5, stereo: matarumbeta na kwaya, muziki uliopigwa palepale.
A6 na A7, stereo: nyimbo unazoweka wewe.
A8, mono: kimya cha chumba.

Bonyeza mara mbili jina la traki uliandike kwa neno, si namba. Zipe rangi: usemi wote rangi moja, muziki rangi nyingine. Baada ya saa tatu mbele ya skrini jicho linasoma rangi kwa haraka kuliko maandishi.

A8 inashangaza wengi. Ndani ya chumba hakuna kimya kamili. Kuna feni, taa, pumzi za watu mia tatu. Ukikata kikohozi na kuacha shimo, mtazamaji anasikia dunia imezimika kwa nusu sekunde. Tafuta sekunde kumi ambazo hakuna anayesema, ziweke A8, na jazia mashimo yote kutoka hapo. Mpiga picha akizoea kurekodi sekunde 30 za ukumbi kabla ya wageni kutulia kabisa na 30 baada ya kutulia, mhariri atamshukuru.

Nyimbo zina traki mbili ili moja iishe huku nyingine ikianza. Ukizibana kwenye traki moja, utalazimika kukata moja ili nyingine ipate nafasi.

Kabla ya kuanza kukata, weka kufuli kwenye A6 na A7. Ukifuta sekunde tano za picha na kuziba pengo, traki zisizofungwa nazo hukatwa sekunde hizo, na wimbo unaruka katikati ya ubeti. Ukikuta wimbo unaruka na hujui kwa nini, sababu ni hiyo mara tisa kwa kumi.

Viwango vya usemi

Kipimo cha sauti ndani ya programu kinaishia 0 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na juu ya hapo sauti inapasuka. Usemi uwe ukicheza kati ya −18 na −12, vilele vikigusa −8 au −6. Muziki ulio chini ya maneno ukae karibu na −30 hadi −25. Muziki unapobaki peke yake unaweza kupanda hadi −14 hivi.

Fuata mpangilio huu wa kazi: klipu kwanza, traki baadaye. Sawazisha klipu kwa mstari mweupe ulio juu yake au Volume ndani ya Inspector, hadi wasemaji wote wa A2 walingane. Yule mzee anayeshika maiki kwenye usawa wa tumbo ataongezwa 8 dB, na yule kijana anayeimeza atapunguzwa 4. Kitufe cha kuteleza cha traki kikae karibu na 0 mpaka mwisho, ukigusa tu unapopima traki dhidi ya traki.

Resolve ina Normalize Audio Levels ukibonyeza kulia kwenye klipu, na inasaidia, ila kwa harusi ina mtego. Chukua klipu ya hotuba ya dakika mbili inayoishia na kigelegele kimoja cha shangazi aliyesimama karibu na maiki. Hotuba yote iko −26, kigelegele kiko −2. Programu ikipima kilele inakutana na kigelegele, inaona klipu imeshajaa, inaongeza 1 dB na kuachia hapo. Hotuba inabaki chini ileile. Kwa hiyo kata kigelegele kwanza, kishushe A4, kisha sawazisha hotuba peke yake.

Baada ya hapo fungua Dynamics ya A2 kwenye ukurasa wa Fairlight na uwashe kompresa, kifaa kinachobana sauti inapopanda mno. Anza na Ratio ya 3:1, Attack milisekunde 10, Release 100, na ushushe Threshold (kiwango ambacho kubana kunaanzia) mpaka kipimo kionyeshe inabana 3 hadi 6 dB maneno yanapopanda. Ikizidi hapo, pumzi na kelele za ukumbi zitaanza kupanda na kushuka kati ya neno na neno. Kwenye ekolaiza (ya kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba) kata kila kitu chini ya 80 Hz kwa sauti ya mwanamume, 100 kwa mwanamke. Usemi ukisikika kama uko ndani ya pipa, punguza 3 dB kati ya 200 na 400 Hz. Maneno yasipokuwa wazi, ongeza 2 dB karibu na 3 hadi 5 kHz, si zaidi, la sivyo kila "s" itachoma.

Waya wa miksa una matatizo yake. Miksa inatoa mkondo wenye nguvu nyingi kuliko ule wa maiki. Chombo kikiachwa kwenye hali ya maiki, sauti inapasuka tangu kurekodiwa. Angalia wimbi: vilele vimekatwa bapa kama ukingo wa meza. Kupunguza sauti hakurudishi kilichokatwa. Hapo tumia A3 kwa sehemu hiyo, hata kama ina mwangwi. Na waya ukiwa mzuri kabisa, unakuwa mkavu mno, kwa maana haubebi chochote ambacho hakikupita kwenye miksa: mshereheshaji anatania na hakuna anayecheka. Acha A3 isikike kwa mbali, 15 hadi 20 dB chini ya A2, watu wanaposikiliza, na uipandishe wanapoitikia. Usiziache A2 na A3 kwa kiwango kimoja. Maneno yale yale yakifika kwa nyakati mbili yanazaa mwangwi wa choo.

Vigelegele

Usivifute, na usivibane mpaka vife. Bila vigelegele hiyo si harusi. Kwenye A4 punguza klipu yenyewe hadi kilele kikae −10, weka kufifia kwa mwanzo kwa fremu mbili au tatu tu ili mlipuko ubaki, na kufifia kwa mwisho kwa sekunde nzima ili kiyeyuke ndani ya muziki. Kama maiki ya kifuani ilivichukua pia, zima A1 kwa muda huo. Kigelegele kilichochukuliwa mita nane kina utamu ambao kilichochukuliwa sentimita thelathini hakina.

Muziki na maneno

Programu inaweza kushusha muziki yenyewe mtu anaposema: kwenye Dynamics ya A2 washa Send, na kwenye kompresa ya A6 washa Listen. Njia hiyo inafaa mahojiano. Kwa harusi tunashauri mkono, kwa sababu kikohozi na makofi navyo vitaushusha muziki. Shika Alt, bonyeza mstari wa sauti wa klipu ya muziki uweke nukta nne: mbili kabla ya usemi, mbili baada yake. Anza kushuka nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, shusha 12 dB, na kupanda kuchukue sekunde moja na nusu au mbili. Kama wimbo una maneno ya Kiswahili, tafuta sehemu ya ala tupu ya kuweka chini ya hotuba; masikio hayawezi kufuata maneno mawili kwa pamoja hata muziki ukiwa chini.

Kila kiungo cha sauti kiwekewe mwingiliano wa fremu mbili, la sivyo kitatoa mlio mdogo wa "tiki". Chagua viungo vyote vya traki, bonyeza Shift na T.

Ngurumo, feni na mvua

Ngurumo nyembamba isiyokoma inayotoka kwenye waya wa ukumbini ni umeme. Gridi ya Tanzania na Kenya ni 50 Hz, hivyo ngurumo iko 50, 100, 150 na kuendelea. Weka De-Hummer ya Fairlight FX kwenye A2 na uhakikishe iko 50, si 60. Jenereta ya dizeli ni kesi nyingine, kwa kuwa mzunguko wake unayumba. De-Hummer itaipunguza, haitaimaliza. Feni hupungua kwa Noise Reduction: iache ijifunze kwenye sekunde chache za kimya, kisha itumie kwa kiasi. Ukisikia maneno yameanza kuwa kama yanasemwa chini ya maji, umezidisha.

Mvua kwenye bati haitoki. Imetapakaa kwenye masafa yote ambayo maneno yamo, na kuifukuza ni kufukuza maneno nayo. Iache isikike sawasawa kote kwenye sehemu hiyo, jazia kwa A8 yenye mvua hiyohiyo, na uonyeshe picha moja ya mvua nje. Mtazamaji akishaiona, sikio lake linaikubali.

Kukusanya na kutoa

Kwenye menyu ya Fairlight, Bus Format, unda vituo vitatu vya kukusanyia: usemi, shangwe na matarumbeta, na muziki. Kwenye Bus Assign peleka A1 hadi A3 na A8 kwenye cha kwanza, A4 na A5 cha pili, A6 na A7 cha tatu, na vyote vitatu viingie kwenye kile kikuu. Mteja akisema muziki uko juu, unashusha kitufe kimoja. Kwenye kituo kikuu weka limita, kizuizi cha vilele, ya −1 dB.

Cheza video nzima ukipima kwa kipimo cha Loudness. Kwa YouTube lenga karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Video iliyo juu ya hapo hushushwa yenyewe, kwa hiyo kupiga kelele hakukupi faida. Kwa kituo cha televisheni kinachofuata kanuni za Ulaya za EBU R128 ni −23. Kisha sikiliza kwa spika ya simu ya kawaida, sauti ikiwa nusu, ukiwa jikoni maji yanachemka. Huko ndiko video itakakotazamwa, na kama viapo havisikiki hapo, rudi A1.

Kwenye Deliver, kichupo cha Audio, hakikisha Export Audio imewekewa tiki, Codec ni AAC na kituo kinachotoka ni kile kikuu. Ukikiacha kwenye cha muziki utatoa saa mbili za nyimbo bila neno hata moja. Toa kwanza dakika moja yenye usemi, vigelegele na muziki, ipeleke kwenye simu, uisikilize, ndipo utoe nzima. Na kwa nakala ya YouTube zima A6 na A7 uweke nyimbo zenye ruhusa. Zile alizopiga DJ zitabaki ndani ya A3, hivyo kwenye sehemu hizo shusha A3 kabisa, acha A2 peke yake, kama muziki wa DJ haukupita humo, na ujazie kimya cha A8.